Siku moja Naiccon kutoka Mombasa: SGR ya usiku, basi, au kulala kwa mamdogo?

CherehaniYaKisauni
Jumanne, saa 3:20 usiku

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina swali la nauli, la usingizi na la adabu, yote kwa mpigo.

Mimi na mdogo wangu wa kiume (kidato cha tatu, huchora hata nyuma ya risiti za duka) tunataka kwenda Naiccon, yale maonyesho ya katuni ya Nairobi, pale jumba la maduka la Sarit, Westlands. Siku moja tu, Jumamosi. Jumapili jioni nina harusi, magauni sita ya wasimamizi niyafikishe mwenyewe kwa mkono wangu, na bibi harusi huyu hana mzaha. Tuna shilingi 12,000 kwa watu wawili, kila kitu humo humo: nauli, kiingilio, chakula, na angalau michoro miwili mitatu ya kununua. Kumpeleka kijana anayechora kwenye meza za wachoraji akiwa hana senti ni kumtesa tu.

Njia ninazoziona ni tatu. SGR ya Ijumaa saa nne usiku, turudi na ya Jumamosi saa nne usiku. Basi la usiku kutoka Mwembe Tayari, kwenda na kurudi. Au tuondoke Ijumaa asubuhi tulale kwa mamdogo South C, tuamke wabichi.

Na jambo jingine: nitavaa kama mhusika wa katuni. Nashona vazi la Storm, yule wa X-Men anayeamrisha mvua na radi, joho lake natengeneza kwa leso. Je, nivae huku huku nyumbani, njiani, au nivalie kule? Wenye uzoefu semeni.

NyumaYaSyokimau
Jumanne, saa 3:41 usiku

Waaleikum salaam dadangu. Mimi naishi karibu na kituo mpaka honi ya treni ndiyo saa yangu ya ukutani, acha nianze.

Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 1,000, ikapandishwa hadi 1,500 Januari 2024. Watu wawili kwenda na kurudi ni 6,000, yaani nusu ya pesa zako zimekwenda hujaonja hata andazi. Daraja la kwanza lilifika 4,500 kwa kichwa, hilo lipite mbali. Zile siku za kusema treni ni nafuu kuliko basi zimekwisha. Unachonunua sasa ni uhakika wa kufika: lori likipinduka Sultan Hamud, wewe halikuhusu.

Yako ya saa nne usiku inaingia huku karibu saa kumi alfajiri. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wa Pwani hukosea: Syokimau, SGR inakoishia, si mjini. Una njia mbili. Teksi ya kupanda ile barabara ya juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika 2022. Saa hizo ni kama umerushwa na kombeo. Lakini utafika Westlands saa kumi na moja, duka limefungwa, unakaa wapi na begi na mtoto wa watu? Na ada ya barabara unalipa juu ya nauli. Njia ya pili ni treni ya kuunganisha hadi stesheni ya mjini, shilingi chache tu, halafu mnasubiri mjini kupambazuke.

Tiketi piga *639#, na upige mapema kwa sababu wikendi daraja la kawaida hujaa. Majina yawe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Huyo kijana kama hana kitambulisho bado, beba cheti chake cha kuzaliwa.

otaku_wa_Kayole
Jumanne, saa 3:55 usiku

STORM NA LESO. Nimekaa chini.

KondaMstaafu
Jumanne, saa 4:30 usiku

Nilifanya kazi kwenye mabasi ya barabara hiyo ya Mombasa na Nairobi miaka tisa kabla ya magoti kukataa, kwa hiyo mnivumilie nikiitetea.

Kiti cha basi kinalala. Kiti cha daraja la kawaida kwenye SGR hakilali, kiko wima, na unatazamana na mtu usiyemjua goti kwa goti. Kama umezoea kulala umekaa, haina neno. Kama hujazoea, utafika Nairobi shingo imekaa kama ya kuku anayesikiliza. Basi linakushusha River Road, mjini kabisa, saa kumi na moja au kumi na mbili. Huna haja ya kuunganisha chochote, unavuka tu mtaa unakutana na chai.

Nauli hupanda na kushuka, Ijumaa hupanda. Ukilipa siku mbili tatu kabla unapata kiti cha katikati. Usikubali kiti cha nyuma juu ya tairi, na usikubali cha karibu na mlango, baridi ya Emali itakuingia kwenye mifupa.

Lakini nisiwe mnafiki. Mwaka juzi nikisafiri kama abiria, basi la kampuni nisiyoitaja lilikata mkanda kabla kidogo ya Mtito Andei, saa nane usiku. Tukakaa mpaka saa kumi na mbili na nusu. Dereva alikuwa amejifunika gazeti usoni, kila akiulizwa anasema, "Fundi yuko njiani." Nilikuwa nakwenda mazishini, nikafika watu wanakunja viti. Nayo Naiccon yako ni ya siku moja.

MamaWawili254
Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Wote mmeongea magari, hakuna aliyegusa suala la mamdogo. Naligusa mimi.

Usilale kwa mamdogo.

Nampenda mamdogo wako na simjui. Lakini mimi ni mtu wa Malindi niliyeolewa Nairobi, nyumba yangu ndiyo hiyo "kwa mamdogo" ya watu wengi, na nawaeleza kutoka upande wa mwenyeji. Mgeni wa Pwani akija, siku ya kwanza ni salamu. Nani amezaa, nani ameachwa, kile kiwanja kiliishia wapi. Asubuhi huwezi kutoka bila chai, na chai ya mgeni haiwi mkate na siagi. Nitaamka nikande mahamri, mbaazi za nazi nilizilaza usiku. Saa nne ndiyo tunakaa mezani. Saa tano mjomba wa jirani anaingia kuwasalimia. Utakuwa na tiketi ya Naiccon mfukoni na sahani ya tatu mbele yako, na hakuna mtu duniani amewahi kumwambia mamdogo, "Nina haraka, nakwenda kuangalia katuni."

Alikuja kwangu mpwa wangu hivyo hivyo, alikuwa na mchezo wa kutazama Kasarani. Alifika kipindi cha pili.

CherehaniYaKisauni
Jumatano, saa 1:35 asubuhi

MamaWawili wallahi umeniua. Mbaazi ndizo hizo hizo. Lakini sasa ndilo swali langu la adabu: nipite Nairobi nisimwambie? Akijua je?

MamaWawili254
Jumatano, saa 1:48 asubuhi

Atajua. Wewe mpe habari ukiwa unarudi, na uwe na haluwa ya kumpelekea. Mtafute mtu wa South C aifikishe. Haluwa imemaliza kesi kubwa kuliko hiyo.

PanelKwaPanel
Jumatano, saa 4:10 asubuhi

Samahani kuingilia kati na jambo la vazi. Mimi ni mtu wa usahihi. Storm hana leso. Joho lake kwenye michoro ya kwanza ni jeusi, limeunganishwa na mikono. Kama unataka kushindana, waamuzi huangalia ufanano.

otaku_wa_Kayole
Jumatano, saa 4:22 asubuhi

Buda, Storm ni wa wapi?

PanelKwaPanel
Jumatano, saa 4:31 asubuhi

Najua ni wa wapi. Alitokea mara ya kwanza 1975, Len Wein aliandika na Dave Cockrum akachora. Jina lake ni Ororo Munroe. Mama yake N'Daré ni binti mfalme wa Kenya aliyeolewa na mpiga picha Mmarekani. Tunapomkuta yuko Kenya, watu wanamwendea wakiomba mvua.

otaku_wa_Kayole
Jumatano, saa 4:33 asubuhi

Sasa si umejijibu. Mama Mkenya, mtoto hana hata leso moja kabatini? Waliosahau ni hao walioandika.

CherehaniYaKisauni
Jumatano, saa 5:05 asubuhi

😂 Wacha niwaeleze nilivyofanya, mtaniambia.

Nimenunua leso nyeusi na nyeupe, Biashara Street ya kwetu, nimezunguka maduka manne kutafuta jina. Sikutaka jina la mapenzi wala la mafumbo ya wake wenza. Duka la nne, chini kabisa ya furushi, nikaikuta: *Dalili ya mvua ni mawingu*. Muuzaji akashangaa nilivyocheka peke yangu.

Tabu ni kwamba leso ina pindo pande zote nne na jina liko pande moja, juu ya pindo la chini. Ukikata kama unavyokata joho la kawaida, kwa duara, jina linapinda na maneno ya pembeni yanakatwa. Kwa hiyo sikukata kabisa. Nimeacha leso nzima, jina likakaa usawa wa nyonga mgongoni, nikakusanya kitambaa mabegani kwa marinda madogo na kukaza kwenye ukosi wa ngozi bandia. Kila mkono nimeutia kitanzi cha utepe mweusi kwenye ncha ya pindo, nikinyoosha mikono leso yote inafunguka na jina linasomeka. Nikiikunja inakuwa leso tu.

PanelKwaPanel, ufanano nitaupata kwenye wigi. Wigi ni jeupe pepe.

PanelKwaPanel
Jumatano, saa 5:19 asubuhi

Hilo la kutokukata nalikubali. Joho la kwanza pia lilikuwa limefungwa mikononi. Nimeshindwa kwa heshima.

Msimamizi_Juma
Jumatano, saa 7:00 mchana

Neno la msimamizi kwa wote wanaovaa, maana kila mwaka mtu hulipuuza. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa magwanda ya jeshi, hata yale ya madoa madoa unayoyaona sokoni. Mhusika wako awe mwanajeshi wa katuni gani, mjini hutaeleza hilo mbele ya askari ukaeleweka. Sare ya polisi ni vivyo hivyo. Bunduki ya bandia, hata ya plastiki, ibebe ndani ya begi na uitoe ukiwa ukumbini baada ya kuuliza mlangoni. Panga na mikuki iwe ya foamu. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo msibebe mavazi kwenye zile za zamani mlizozificha chini ya sinki.

Storm hana silaha ila radi. Radi inaruhusiwa.

KalamuNaChai
Jumatano, saa 2:15 usiku

Mimi huwa nyuma ya meza, nauza vitabu na michoro yangu kwenye maonyesho kama hayo, kwa hiyo niseme jinsi siku inavyokwenda ukiitazama kutoka upande wetu.

Mmebishana sana kuhusu usiku wa barabarani. Sawa. Lakini siku yenyewe huliwa ndani ya ukumbi, na huliwa na saa mbili za kwanza. Mgeni akiingia, anasimama mbele ya meza za vinyago vya wahusika wa katuni vya kutoka nje, vile vilivyo ndani ya sanduku la kioo, kwa sababu vinang'aa na viko karibu na njia. Anaulizia bei, anaduwaa, anapiga picha, anazunguka, anarudi. Ikifika saa nane ana njaa na amenunua kinyago ambacho angeweza kuagiza akiwa Kisauni. Halafu ndipo anakuja kwetu, tumeshauza nakala nzuri, na msanii aliyetaka kuongea naye amezungukwa na watu kumi.

Dada, mpeleke huyo kijana kwenye meza za wachoraji kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Asubuhi tumekaa tu, chai mkononi, tunatamani mtu wa kuongea naye. Aje na daftari lake, lile lenye michoro yake mwenyewe, na asichague mizuri tu. Asiogope. Mtu akiniletea daftari asubuhi namkalisha. Akiniletea saa tisa mchana naitikia kwa kichwa tu, si kwa ubaya.

Vinyago muende jioni. Bei huanza kulegea watu wakifikiria kubeba mizigo kurudi nyumbani.

Kuhusu michoro: ukinunua chapa ya A3, njiani itakunjika. Nenda duka la vifaa vya ujenzi huko kwenu, nunua kipande cha bomba la PVC la inchi mbili, wakukatie nusu mita, na vifuniko viwili. Kunja michoro, tia ndani. Ukiisahau kwenye kiti mtu akaikalia, bado iko salama. Mimi nina langu tangu 2019.

otaku_wa_Kayole
Jumatano, saa 2:40 usiku

Na beba pesa taslimu kidogo. Ukumbini kila mtu anatuma M-Pesa kwa wakati mmoja, unaweza kusimama hapo na simu juu kama unatafuta mwezi.

Matatu za Westlands utazipata mjini, uliza za Kangemi, zote zinapita Westi. Makanga akisema "Westi mbao" (shilingi ishirini) akafika akasema "soo" (mia), huo ni mchezo wa Jumamosi, ulizia kabla hujapanda.

KondaMstaafu
Jumatano, saa 3:05 usiku

Makanga wa mjini wana adabu kuliko mnavyosema.

otaku_wa_Kayole
Jumatano, saa 3:06 usiku

Sawa mzee.

MwanaJangwani
Alhamisi, saa 5:30 asubuhi

Nikiwa hapa Dubai nawasoma tu kwa wivu. Kuna aliyeniandikia pembeni kwamba siku moja haitoshi, asubiri apate likizo aende siku zote. Nataka kumjibu hapa hadharani. Yale maonyesho ya katuni ya San Diego, Marekani, ambayo leo yanajaza mji mzima yalianza kwa siku moja, 21 Machi 1970, hotelini, watu mia na ushei, kuchangisha pesa za kufanya makubwa zaidi Agosti. Ya Tokyo, Comiket, yalianza Desemba 1975. Nenda siku yako moja.

Mimi katuni nilianza na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Babu alikuwa akisoma siasa, mimi nangoja ageuze gazeti. Halafu 2010 mdogo wangu akaanza kupata jarida la katuni la Shujaaz bure ndani ya gazeti, na hapo nyumbani tukawa tunagombania. Hakuna aliyetuambia kuna mahali watu wazima hukusanyika kwa ajili ya mambo hayo. Mwambie huyo kijana ananiwakilisha.

NyumaYaSyokimau
Alhamisi, saa 7:12 mchana

Nimefikiria usiku kucha (kazi yangu ni ya zamu, nafikiria kwa mshahara). Kwa nini uchague moja? Kwenda, unahitaji uhakika. Ukichelewa kwenda, siku imekufa. Kurudi, unahitaji usingizi, na ukichelewa saa tatu hakuna aliyeumia, harusi yako ni jioni. Basi nenda na treni, rudi na basi. Tena basi unalipandia mjini, huna haja ya kukimbilia Syokimau na foleni ya Jumamosi ya barabara ya Mombasa, uwe kituoni mapema mizigo ipangwe chini mbwa wainuse.

KondaMstaafu
Alhamisi, saa 8:00 mchana

Kwa mara ya kwanza mtu wa reli amesema neno.

CherehaniYaKisauni
Alhamisi, saa 2:50 usiku

Imekuwa hivyo. Treni ya kwenda nimeshalipa, basi la kurudi nimelipa la saa nne usiku. Alfajiri tutaswali Jamia, halafu tutafute chai hapo karibu mpaka kuche. Bomba la PVC nimenunua, muuzaji aliniuliza maji yanavuja wapi.

Vazi nitavalia kule. Niombeeni.

---

CherehaniYaKisauni
Jumatatu, saa 4:15 asubuhi

Tumerudi salama. Nimelala saa kumi na moja mfululizo baada ya harusi, ndiyo maana nimechelewa kuripoti.

Nianze na kosa langu. Nilifunga sweta moja tu, na hilo nikamvisha mdogo wangu. Syokimau saa kumi alfajiri ni baridi ambayo haina jina la Kimvita. Nikafungua begi nikatoa leso, nikajifunika. Joho nililolishona kwa wiki tatu nikalivaa kama bibi yangu anayekwenda kisimani. Na sikulivua tena. Kwenye treni ya mjini nilikuwa nalo, msikitini nilikuwa nalo, kwenye mkahawa nikala maandazi nalo. Hapo nje ya mkahawa mama mmoja muuza mboga akanisimamisha, akasoma mgongo wangu kwa sauti, neno kwa neno, akatazama juu. Mbingu ilikuwa kijivu kabisa. Akasema, "Basi wewe ndiye uliyeileta."

Kwenye matatu ya Kangemi makanga alisoma pia. "Madam, hiyo mvua isianze kabla hatujafika Westi." Nauli alitutoza ile ile aliyoitaja. KondaMstaafu, umeshinda hiyo.

Sarit tulikuwa mlangoni saa tatu na nusu. Nilipoingia chooni kuvaa kilichobaki, kulikuwa na wasichana wengine watatu wanavaa, mmoja mabawa yamekwama mlangoni. Tulimsukuma kwa pamoja. Wigi langu lilikaa vizuri kwa saa mbili, halafu likaanza kurudi nyuma kila nilipoinamia meza. Fundi mwenzangu mmoja ananiuliza, mbona hukutumia ukanda wa mpira? Kwa sababu nilikuwa na magauni sita, hiyo ndiyo sababu.

Sasa la KalamuNaChai. Nilifanya kama ulivyosema, kulia moja kwa moja hadi kwa wachoraji, vinyago nikavipita macho nimeinamisha. Meza ya tatu alikuwa dada mmoja, anafungua boksi lake. Mdogo wangu akasimama kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikamchukulia daftari mkononi mwake nikaliweka mezani mwenyewe, maana tungesimama pale hadi Jumapili. Yule dada akageuza kurasa polepole, ukurasa hadi ukurasa, hakusema "mashallah" wala "vizuri". Akafika katikati akauliza, "Mbona watu wako wote wameficha mikono?"

Nikatazama. Ni kweli! Kila mtu kwenye lile daftari ana mikono mfukoni, au nyuma ya mgongo, au ndani ya kanzu. Miaka minne nalitazama daftari hilo sijawahi kuliona jambo hilo. Mdogo wangu akawa mwekundu. Akakiri kwamba mikono humshinda.

Yule dada akamvutia kiti. Akashika kikombe chake cha chai, akamwambia, "Chora huu, si mkono, chora umbo la nafasi iliyo kati ya vidole na kikombe." Akachora. Mkono wa kwanza ulikuwa kama rundo la ndizi. Wa pili vile vile. Yeye anakunywa chai anageuza kikombe, kijana anaanza upya. Nadhani wa saba ndio ulioanza kushika kitu kweli. Watu walikuja meza yake wakanunua, akawahudumia kwa mkono mmoja, mwingine bado umeshika kikombe kilichopoa. Dakika arobaini hivi. Tulinunua vitabu vyake viwili, na nilitaka kulipa zaidi, akakataa.

Kushindana sikushindana. Nilijiandikisha, nikaona foleni ya watu wenye mabawa na taa na moshi, nikarudi kukaa na mdogo wangu. PanelKwaPanel usikasirike. Lakini nilipigwa picha nyingi, na kila mpiga picha aliniomba nigeuke.

Hesabu: treni ya kwenda 3,000, basi la kurudi 2,800, kiingilio na matatu na chakula chote 3,900, vitabu na michoro 1,900. Jumla 11,600. Zile 400 zilizobaki alizichukua yeye, amenunua daftari jipya.

Kwenye basi nililala kabla ya Mlolongo. Niliamka mara moja, Mtito Andei, taa za ndani zimewashwa watu wanashuka kunywa chai. Yeye hakushuka. Alikuwa amevua viatu, anachora mkono wa konda ulioshika bomba la juu.

KalamuNaChai
Jumatatu, saa 4:40 asubuhi

Mimi si huyo dada, ila namfahamu, na nitamwambia.

MamaWawili254
Jumatatu, saa 4:44 asubuhi

Na haluwa?

CherehaniYaKisauni
Jumatatu, saa 4:52 asubuhi

Haluwa iko hapa mezani, niliisahau nyumbani Ijumaa ile ile. Nayo picha ya leso mdogo wangu aliiweka status Jumamosi mchana, na Sarit imeandikwa nyuma yangu kwa herufi kubwa.

Simu inaita. South C.